Kutoka Kidonge hadi Kijiti: Historia Linganishi ya Njia za Uzazi wa Mpango katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara, 1959–2022

Ikisiri

Makala hii inalinganisha njia kuu za uzazi wa mpango zilizotumika nchini Tanzania kati ya mwaka 1959 na 2022, na kujadili maana zake katika jamii za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Kwa kawaida njia hizo hulinganishwa kwa kigezo kimoja, yaani uwezo wake wa kuzuia mimba. Hoja ya makala ni kwamba kigezo hicho ni cha lazima lakini hakitoshi kueleza kwa nini watumiaji walihama kutoka vidonge kwenda sindano, na kutoka sindano kwenda vipandikizi. Katika jamii ambamo uzazi wa mwanamke umefungamana na mahari ya ng'ombe na urithi wa nyumba, mambo mengine matatu yana uzito: nani anaiona njia inayotumika, njia hiyo inafanya nini kwenye hedhi, na uzazi unarejea lini baada ya kuisitisha. Makala imetumia nyaraka za sera na sheria, taarifa za Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania, pamoja na maandishi ya kianthropolojia kuhusu Wakurya.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Tarime na Serengeti zipo kaskazini-magharibi mwa Tanzania, baina ya mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Tarime ni makao ya koo nyingi za Wakurya. Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, ina Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Watatoga. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, Wilaya ya Tarime ilikuwa na watu 339,693 na Wilaya ya Serengeti watu 249,420. Mkoa mzima wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,372,015. Ongezeko hilo ni la takribani asilimia 36 katika kipindi cha miaka kumi.

Takwimu hizo zimezoeleka kusomwa kama ushahidi kwamba jamii za Mara hazijapokea uzazi wa mpango. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionesha kuwa asilimia 37 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Mara walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mila ndiyo kikwazo. Makala hii inaona kuwa maelezo hayo yanaficha historia. Jamii za Mara zilikuwa na utaratibu wake wa kupanga wakati wa kuzaa kabla ya kliniki kufika. Kilichokuja na kliniki ni zana mpya, na kila zana ilikuwa na namna yake ya kufanya kazi mwilini na namna yake ya kugusa mamlaka ndani ya nyumba.

2.0 Nyumba, Ng'ombe na Wakati wa Kuzaa

Tafiti za Ruel kuhusu marika na vizazi vya Wakurya, na za Tobisson kuhusu mienendo ya familia za Wakurya wa kaskazini mwa Tanzania, zinaonesha kuwa msingi wa familia ni nyumba ya kila mke. Katika ndoa ya wake wengi, kila mke ana nyumba yake, na ng'ombe wanaopatikana kwa mahari ya binti wa nyumba hiyo huwa stahiki ya kaka yake wa nyumba hiyohiyo ili naye aoe. Kwa hiyo uzazi wa mwanamke hauhesabiki kwa idadi ya watoto pekee. Binti huleta ng'ombe na mtoto wa kiume huiendeleza nyumba. Nyumba iliyokosa mtoto wa kiume ina ng'ombe wasio na mrithi.

Hapo ndipo inapoeleweka ndoa inayojulikana kama nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine ili azae kwa jina la nyumba yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, hivyo nyumba ntobhu imebaki nje ya ulinzi wa sheria hiyo. Kwa mke aliyeletwa katika nyumba ya namna hii, kuzaa ndiyo sababu hasa ya kuolewa kwake. Uamuzi wake wa kuahirisha mimba hauishii katika afya yake binafsi; unagusa mkataba uliokwisha kulipiwa ng'ombe.

Wakati wa kuzaa nao ulikuwa na utaratibu. Tohara iliwaingiza vijana katika rika lao, yaani saro, na wazee wa inchama ndio walioamua mwaka wa tohara. Mimba ya msagane, yaani msichana ambaye hajakeketwa, ilichukuliwa kuwa kosa zito. Utaratibu huo ulidhibiti mwanzo wa uzazi, lakini kwa gharama ya mwili wa msichana. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ingawa utafiti wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wa umri wa kuzaa wamekeketwa. Baada ya mtoto wa kwanza, nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine ilitegemea zaidi unyonyeshaji wa muda mrefu.

Jambo la kusisitiza hapa ni kwamba swali la lini mwanamke azae halikuwa geni Tarime wala Serengeti. Lililokuwa geni ni wazo kwamba jibu lake linaweza kuwa mikononi mwa mwanamke mwenyewe.

3.0 Njia na Namna Zinavyofanya Kazi

Ili mimba itunge ni lazima yai lipevuke, mbegu za kiume zipite kwenye mlango wa kizazi na kulifikia yai katika mrija, kisha yai lililorutubishwa lijipandikize katika mji wa mimba. Kila njia hukata mnyororo huu katika hatua fulani.

Unyonyeshaji huzuia kupevuka kwa yai, kwa kuwa mtoto anaponyonya mara kwa mara, ubongo wa mama hupunguza vichocheo vinavyoamsha vifuko vya mayai. Kinga hiyo ni ya kutegemewa endapo masharti matatu yatatimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likikosekana, kinga hupungua.

Vidonge vyenye vichocheo viwili huzuia yai kupevuka na kufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Sindano ya miezi mitatu ina kichocheo kimoja cha aina ya projestini, nayo hufanya kazi kwa njia hizohizo bila kumtaka mtumiaji akumbuke kila siku. Vipandikizi, ambavyo watumiaji huviita vijiti, hutoa projestini kidogo kidogo kutoka chini ya ngozi ya mkono. Kitanzi cha shaba hakina kichocheo chochote. Shaba huzidhoofisha mbegu za kiume kabla hazijalifikia yai. Kondomu huzuia mbegu zisiingie ukeni, na ndiyo njia pekee kati ya hizi inayokinga pia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Kufunga kizazi kwa mwanamke huziba mirija ya mayai, na kwa mwanamume hukata mirija ipitishayo mbegu.

Jedwali Na. 1 linalinganisha njia hizo. Idadi ya mimba ni ya wanawake 100 katika mwaka wa kwanza wa matumizi ya kawaida, yaani pamoja na kusahau na kuchelewa, na inatokana kwa sehemu kubwa na takwimu za Marekani.

Jedwali Na. 1: Ulinganisho wa njia teule za uzazi wa mpango

| Njia | Mimba kwa wanawake 100 | Athari ya kawaida kwenye hedhi | Nani anaweza kuisitisha |
|---|---|---|---|
| Kipandikizi | 0.1 | Hubadilika, huwa haitabiriki | Mtoa huduma |
| Kitanzi cha shaba | 0.8 | Huongezeka | Mtoa huduma |
| Sindano | 4 | Huvurugika, kisha mara nyingi hukoma | Mtumiaji, kwa kutorudi kliniki |
| Vidonge | 7 | Hupungua, huwa na mpangilio | Mtumiaji |
| Kondomu ya kiume | 13 | Hakuna | Mwanamume kwa kiasi kikubwa |
| Kumwaga nje | 20 | Hakuna | Mwanamume |

Kwa kusoma safu ya pili pekee, mtu angehitimisha kuwa kipandikizi na kitanzi ndizo njia bora kwa kila mwanamke. Safu ya tatu na ya nne zinaleta maswali mengine. Kitanzi cha shaba kinakaribia ufanisi wa kipandikizi na hudumu kwa zaidi ya miaka kumi, lakini huongeza damu ya hedhi, jambo ambalo mume anaweza kuligundua. Kuhusu kurejea kwa uzazi, mwanamke aliyeacha vidonge, aliyetolewa kitanzi au kipandikizi anaweza kushika mimba mara moja, ilhali aliyeacha sindano huchukua kwa wastani miezi minne zaidi kuliko watumiaji wa njia nyingine. Sindano haisababishi ugumba. Hata hivyo, kwa mke kijana anayechunguzwa na wakwe kila mwezi, miezi hiyo minne inaweza kufasiriwa kuwa ugumba, na ugumba unaweza kudai ng'ombe warudi.

4.0 Malezi Bora na Vidonge, 1959–1988

Huduma za uzazi wa mpango za kisasa zilianzia mjini. Mwaka 1959 kilianzishwa Dar es Salaam chama ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Jina hilo lina maana kwa mwanahistoria. Halitaji kuzuia wala kupunguza, bali linaunganisha uzazi na malezi. Mwelekeo huo uliafikiana na msimamo wa Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, aliwataka wananchi wazingatie uwezo wa kuwatunza watoto badala ya kufikiria idadi peke yake.

Mwaka 1974 huduma hizo ziliingizwa katika kliniki za umma za afya ya mama na mtoto. Uamuzi huu ndio uliozifikisha vijijini, hasa kwa kuwa katika kipindi hichohicho Operesheni Vijiji iliwakusanya watu karibu na shule na zahanati. Kuwekwa kwa uzazi wa mpango ndani ya kliniki ya mtoto kulikuwa na matokeo mawili. Kwanza, mama aliyempeleka mtoto kupimwa uzito alikuwa na sababu halali ya kutoka nyumbani, na angeweza kupata njia bila kuulizwa alikokwenda. Pili, msichana au mke ambaye hajazaa hakuwa na sababu hiyo, hivyo huduma ilimpita kwa namna ilivyopangwa tangu mwanzo.

Zana kuu za kipindi hiki zilikuwa vidonge na kitanzi, na lugha imehifadhi kumbukumbu yake. Vidonge vya majira vilipewa neno lenye wazo la wakati na msimu, nacho kitanzi kiliitwa lupu kwa kufuata umbo la kifaa alichokibuni Jack Lippes mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina la lupu limebaki hadi leo, ingawa kitanzi cha shaba kilichochukua nafasi yake kina umbo la herufi T. Kwa upande wa siri, vidonge vilikuwa na udhaifu mkubwa: pakiti huhifadhiwa ndani ya nyumba na kumezwa kila siku. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, pakiti ni ushahidi.

Taasisi za dini nazo zilikuwa sehemu ya historia hii. Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Rorya, mwaka 1934, na hospitali yao ilihudumia kaskazini yote ya Mara. Vituo vya Kikatoliki vilifuata waraka wa Papa wa mwaka 1968, uliokubali njia za asili pekee. Hivyo mahali mwanamke alipoishi palichangia kuamua njia atakazozisikia.

5.0 Sindano na Redio, 1989–2011

Mwaka 1989 ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango, na mwaka 1992 ikapitishwa Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu, iliyorekebishwa mwaka 2006. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mchezo huo ulisikika karibu nchi nzima, isipokuwa eneo la Dodoma lililotengwa hadi mwaka 1995 kwa ajili ya ulinganisho wa kitafiti. Mazungumzo yaliyokuwa ya kliniki yalifika sebuleni, mahali ambapo wanaume nao walisikiliza.

Matumizi ya njia za kisasa miongoni mwa wanawake walioolewa nchini yalipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1991–92 hadi asilimia 20 mwaka 2004–05 na asilimia 27 mwaka 2010. Mwanzoni vidonge vilitangulia, lakini kufikia 2004–05 sindano ilikuwa imevipita. Kwa kigezo cha ufanisi, tofauti kati ya njia hizi mbili si kubwa kiasi cha kueleza mabadiliko hayo peke yake. Kilicho tofauti zaidi ni siri. Sindano haiachi kitu nyumbani isipokuwa kadi ya kliniki, na kadi inaweza kubaki kwa mtoa huduma. Ziara nne kwa mwaka zinaweza kufichwa ndani ya ziara za mtoto.

Siri hiyo ilikuwa na bei. Hedhi inapokoma, mume anaweza kudhani mkewe ana mimba, na tumbo lisipokua shaka huanza. Aidha, usiri ulimwacha mwanamke peke yake pale alipopata maudhi, kwa kuwa kulalamika kungekuwa kujifichua. Uvumi kwamba sindano inaharibu kizazi ulipata nguvu kutokana na jambo la kweli, yaani kuchelewa kurejea kwa uzazi, ambalo lilihitaji kuelezwa mapema na kwa lugha nyepesi.

Kliniki yenyewe ilikuwa na malango yake. Mwongozo wa taifa wa mwaka 1994 ulitamka kuwa huduma ni haki ya watu wote wa umri wa kuzaa bila kujali ndoa au idadi ya watoto. Hata hivyo, Speizer na wenzake (2000) walionesha kuwa watoa huduma wengi nchini waliendelea kuweka masharti ya umri, ndoa na idadi ya watoto ambayo hayakuwa na msingi wa kitabibu. Richey (2008) naye amejadili umbali uliopo kati ya sera ya idadi ya watu na kinachotendeka kliniki. Sharti la kuwa umezaa kwanza lilirudia, kwa sauti ya kitabibu, kile ambacho ukoo ulikuwa tayari unakidai.

6.0 Vijiti, Bei na Siasa, 2012–2022

Katika mkutano wa London wa mwaka 2012 Tanzania iliahidi kuongeza kwa kasi matumizi ya uzazi wa mpango. Mwaka 2013 makubaliano ya kimataifa yalipunguza bei ya vipandikizi kwa nchi maskini kwa takribani nusu. Huduma za mkoba ziliwafikisha watoa huduma waliofunzwa katika zahanati zisizo na ujuzi wa kuweka vijiti. Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za taifa: mwaka 2015–16 sindano ilitumiwa na asilimia 13 ya wanawake walioolewa na vipandikizi asilimia 7, mwaka 2022 vipandikizi vilifika asilimia 14 na sindano ikashuka hadi asilimia 9.

Katika kipindi hichohicho, jumla ya watumiaji wa njia za kisasa haikupanda. Ilikuwa asilimia 32 mwaka 2015–16 na asilimia 31 mwaka 2022. Takwimu hizi zinaashiria kuwa vijiti vilichukua zaidi nafasi ya njia nyingine kuliko kuwaleta wanawake ambao hawakuwa wakitumia njia yoyote. Kwa mwanamke aliyekuwa akitembea mwendo mrefu kila miezi mitatu, hayo ni maendeleo makubwa. Kwa yule ambaye mlango wa kliniki haukumfungukia tangu mwaka 1974, mabadiliko hayo hayakumfikia.

Siasa nayo iliingia kati. Mwezi Septemba 2018, akiwa mkoani Simiyu, ulio jirani na Mara, Rais John Magufuli aliwakosoa hadharani watumiaji wa uzazi wa mpango, na muda mfupi baadaye Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya mradi uliofadhiliwa na Marekani yasitishwe. Njia hazikuondolewa katika zahanati; kilichopungua ni maelezo yake. Athari ya ukimya huo inaeleweka kwa kurejea Jedwali Na. 1: njia inayobadilisha hedhi inahitaji maelezo zaidi kuliko njia isiyoibadilisha.

7.0 Mjadala: Nani Ana Mamlaka ya Kusitisha

Ulinganisho huu unaibua kinyume ambacho fasihi ya ufanisi haikioni. Kadiri njia inavyokuwa na uhakika zaidi, ndivyo mamlaka ya kuisitisha yanavyotoka mikononi mwa mtumiaji. Anayetumia vidonge huacha leo. Anayetumia sindano huacha kwa kutorudi. Mwenye kijiti anahitaji mtu mwenye ujuzi, vifaa safi na nia ya kukitoa. Huduma ya mkoba inayopita na kuweka vijiti bila utaratibu wa kurudi kuvitoa humpa mwanamke kinga ya miaka mitatu au mitano, lakini humnyima uwezo wa kubadili nia. Kijiti hupapasika chini ya ngozi, na mume akikigundua na kutaka kitolewe, mwanamke anabaki kati ya mamlaka mawili, la nyumba na la kliniki.

Kwa mke wa nyumba ntobhu, kwa msichana aliyetoroka ukeketaji na kupata hifadhi katika nyumba salama za Mugumu au Masanga, na kwa mama wa watoto saba anayeogopa uzazi wa nane, njia bora si moja. Wa kwanza huenda akahitaji siri kuliko kitu kingine. Wa pili anahitaji kwanza ulinzi na shule, na fursa ya masomo ilipanuka kisheria pale serikali ilipoondoa, mwezi Novemba 2021, zuio la waliojifungua kurejea shuleni. Wa tatu anaweza kufaidika na kufunga kizazi, au mumewe akafunga chake, operesheni ambayo ni nyepesi zaidi kitabibu lakini nzito zaidi kwa mwanamume ambaye heshima yake hupimwa kwa ukubwa wa boma.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa historia ya uzazi wa mpango Tarime na Serengeti haiwezi kuandikwa kama safari ya kutoka mila kwenda sayansi. Jamii hizi zilipanga uzazi kwa njia zake, na kliniki nayo ilikuja na mila zake, ikiwemo ile ya kumhudumia mama na kumwacha asiyezaa. Mabadiliko kutoka kidonge hadi sindano na kutoka sindano hadi kijiti yaliongozwa na ufanisi, bei na upatikanaji, lakini pia na mizani ya siri, hedhi na matumaini ya kuzaa tena.

Kutokana na matokeo hayo, makala inapendekeza kuwa tathmini za huduma mkoani Mara zipime utoaji wa vijiti kwa uzito uleule unaopewa uwekaji wake. Kuchelewa kwa uzazi baada ya sindano kuelezwe kwa kila mtumiaji kabla ya dozi ya kwanza. Na huduma zipate mlango mwingine usio wa kliniki ya mtoto, ili asiyezaa naye aweze kuingia bila kulazimika kueleza amefuata nini.